Picha za Mtu Mmoja: Mavuno Yakiisha, Tukazitazame

Mavuno yakiisha, mkulima hupata nafasi ya kupumua. Mahindi yamo ghalani. Barabara zimekauka na mabasi yanapita. Huu ndio wakati ambao watu wengi wa vijijini husafiri. Mmoja huenda mjini kuuza mazao yake. Mwingine humpeleka mgonjwa hospitali kubwa. Mwingine huenda kumsalimu mtoto wake anayefanya kazi Dar es Salaam.

Mara nyingi shughuli huisha mapema. Msafiri hukaa kituoni akisubiri basi la kesho. Siku nzima inapotea bure. Ndugu msomaji, katika siku kama hiyo lipo jambo la maana unaloweza kulifanya. Nenda ukatazame maonyesho ya picha za mtu mmoja.

HINDI MOJA NA SHAMBA ZIMA

Maonyesho ya mtu mmoja ni nini?

Sote tunayajua maonyesho ya kilimo ya Nane Nane. Pale kila mkulima huleta kitu chake kilicho bora. Huyu analeta hindi moja refu. Yule analeta muhogo mmoja mnene. Tunastaajabu na kusifu. Lakini hatujui mashamba yao yakoje. Labda hindi lile ndilo peke yake lililostawi, na mengine yote yaliliwa na viwavi.

Ukitaka kumjua mkulima, nenda shambani kwake. Tembea kutoka mpaka huu hadi mpaka ule. Utaona matuta yake na nafasi kati ya mimea. Utaona pale alipopalilia vizuri na pale alipochoka. Utaona mahali alipojaribu mbegu mpya ikamkatalia. Ukitoka hapo, utamjua mtu huyo hata kama hakusema neno.

Maonyesho ya picha ni hivyo hivyo. Pengine wachoraji ishirini huleta picha moja moja. Hayo ni kama Nane Nane. Lakini pengine ukumbi wote hupewa mchoraji mmoja, au mpiga picha mmoja. Picha zake thelathini au hamsini hutundikwa ukutani. Ziko za ujanani na za uzeeni. Hayo ndiyo maonyesho ya mtu mmoja. Hapo unatembea katika shamba lake lote.

Wakulima wengi husema, "Mambo ya picha ni ya matajiri na wazungu. Mimi nitaelewa nini?" Maneno hayo si kweli. Tuwatazame watu wanne ambao picha zao zilionyeshwa katika miji mikubwa ya dunia. Wote wanne walitoka vijijini kama sisi.

SAM NTIRO WA MACHAME

Sam Ntiro alizaliwa Machame, katika mteremko wa mlima Kilimanjaro, mwaka 1923. Alisoma uchoraji katika Chuo cha Makerere, Uganda. Baadaye alikwenda kusoma London, Uingereza. Tanganyika ilipopata Uhuru mwaka 1961, alipelekwa London kuwa Balozi wetu. Alifariki mwaka 1993.

Mtu huyu alikaa na wakubwa wa dunia. Lakini alichora nini? Alichora kijiji. Alichora watu wakilima, watu wakivuna, watu wakienda sokoni, watu wakifanya arusi. Watu katika picha zake ni wadogo, na nyuso zao hazionekani sana. Kubwa ni nchi yenyewe: vilima, njia, nyumba na mimea. Watu wamo katikati ya nchi, pamoja, katika kazi.

Mwaka 1956 Ntiro alichora picha ya wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi arusi usiku. Wachagga huiita pombe hiyo mbege. Hutengenezwa kwa ndizi mbivu na kimea cha ulezi. Mambo ya posa na arusi huko mlimani hayaendi bila mbege. Mwaka 1960 picha hiyo ilinunuliwa na Jumba la Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa la New York, Marekani. Ikawekwa pamoja na picha za wachoraji wakubwa wa Ulaya na Marekani.

Hapa tusimame kidogo tufikiri. Picha ya pombe yetu, arusi yetu na usiku wetu iko New York. Watu wa kule wameitazama. Wameandika juu ya rangi zake. Lakini mtazamaji wa New York hajapata kunywa mbege. Hajui kwamba ndizi na ulezi lazima vipatikane kwa wakati mmoja. Hajui mzigo ule ni mzito namna gani njiani, gizani, katika mteremko. Mkulima wa Machame anajua yote hayo. Mkulima ndiye anayeweza kusema kama mchoraji amechora kweli au amekosea.

Kwa hiyo usiseme, "Nitaelewa nini?" Katika picha kama hizo wewe ndiwe mtaalamu. Hasara ni kwamba mtaalamu huyo mara nyingi hayumo ukumbini. Picha zinazotuhusu sisi hutazamwa na wageni peke yao, na wao ndio husema ipi ni nzuri na ipi ni mbaya.

EDWARD SAIDI TINGATINGA WA TUNDURU

Jina la Tingatinga linajulikana na wengi. Ukienda Dar es Salaam, Arusha, Unguja au Nairobi utaona picha za tembo, twiga na ndege zenye rangi kali. Watu huziita picha za tingatinga. Wengine hudhani ni jina la aina ya rangi. Sivyo. Ni jina la mtu.

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa katika Wilaya ya Tunduru, Mkoa wa Ruvuma. Kama vijana wengi wa kusini wakati ule, aliondoka kwao kwenda kutafuta kazi katika mashamba ya mkonge Tanga. Kutoka huko alihamia Dar es Salaam. Alifanya kazi nyingi ndogo ndogo ili apate chakula. Hakusoma shule ya uchoraji hata siku moja.

Mwaka 1968 hivi alianza kuchora. Hakuwa na fedha za kununua vifaa vya wachoraji. Alitumia vile vilivyokuwa madukani: mbao laini za kutengenezea dari, na rangi ya mafuta ya kupakia baiskeli. Ubao aliukata katika vipande vya mraba, kila upande kama futi mbili. Tupige hesabu. Ubao wa dari wa futi nne kwa nane ukikatwa hivyo hutoa vipande vinane, wala hakibaki kitu cha kutupa. Hiyo ni akili ya mtu asiyekuwa na fedha za kuchezea.

Picha zake mwenyewe ni nyepesi kuelewa. Mara nyingi huwa na mnyama mmoja tu, katikati, amejaza ubao wote. Nyuma yake ni rangi moja. Mwili wa mnyama una madoa madoa yaliyopangwa kwa uangalifu. Hakuna haraka.

Tingatinga aliwafundisha ndugu na marafiki zake. Walikaa pamoja wakichora, naye akawaonyesha. Lakini mwaka 1972 alipigwa risasi na polisi waliomdhania kuwa mhalifu, akafa. Alikuwa amechora kwa miaka minne hivi tu.

Wanafunzi wake hawakuacha. Waliendelea kuchora na kuwafundisha wengine, na hao wakawafundisha wengine. Mwaka 1990 waliunda chama chao cha ushirika. Wengi wamesomesha watoto na kujenga nyumba kwa kazi hiyo. Hayo ni mambo ya kujivunia.

Lakini kuna hatari moja. Picha za tingatinga ni nyingi sana barabarani, na nyingine hunakiliwa tu. Mtu mmoja akichora simba akauza, kesho simba yule yule huchorwa na watu kumi. Mnunuzi hajui nani alianza. Jina la mchoraji linapotea ndani ya jina la marehemu. Ni kama magunia ya mahindi ya wakulima mia yakimwagwa pamoja. Mahindi mazuri na mabaya yanachanganyika, na bei inakuwa moja.

Maonyesho ya mtu mmoja huzuia jambo hilo. Jina la mchoraji huandikwa mlangoni. Picha zote ni za mkono wake. Mtazamaji hujifunza kuutambua mkono huo, kama vile sisi tunavyotambua mkeka uliosukwa na Mama fulani hata tukiukuta sokoni. Mchoraji mwenye jina lake hupata bei yake.

GEORGE LILANGA WA KUSINI

George Lilanga alizaliwa kusini mwa Tanzania mwaka 1934. Alikuwa Mmakonde. Wamakonde ni mafundi mashuhuri wa kuchonga vinyago. Kijana hakupewa mpingo siku ya kwanza. Lilanga alianza kwa kuchonga mizizi ya muhogo, kwa sababu ni laini. Akikosea, hasara ni ndogo. Mkono ulipozoea ndipo alipochonga mti mgumu, na mwisho mpingo.

Wasomaji wa kisomo wataelewa jambo hilo. Sisi nasi hatukuanza na gazeti. Tulianza na herufi.

Katika miaka ya 1970 Lilanga alikwenda Dar es Salaam. Alipata kazi ya ulinzi wa usiku katika Nyumba ya Sanaa, mahali ambapo mafundi walifanya kazi pamoja. Mlinzi akawa fundi, na fundi akawa mchoraji mashuhuri. Mwaka 1978 kazi zake zilionyeshwa Washington, Marekani. Baadaye zilionyeshwa katika nchi nyingi.

Picha zake zimejaa viumbe wa kuchekesha, wenye masikio makubwa na matumbo ya mviringo. Aliwaita mashetani. Lakini mashetani hao hucheza ngoma, hubeba mizigo, hugombana na kupatana. Wanafanana sana na majirani zetu. Picha nyingi alizipa majina ya Kiswahili, tena marefu kama sentensi. Mtu aliyejifunza kusoma juzi anaweza kulisoma jina, kisha akaitazama picha, na akaelewa kinachochekesha kabla ya mtaalamu wa Ulaya.

Lilanga aliugua ugonjwa wa kisukari na akakatwa miguu. Hata hivyo hakuacha kazi. Alifariki Dar es Salaam mwaka 2005.

MALICK SIDIBÉ, MCHUNGA NG'OMBE WA MALI

Watatu tuliowataja walikuwa wachoraji. Sasa tumtazame mmoja aliyepiga picha kwa kamera. Nchi yake ni Mali, huko Afrika ya Magharibi.

Malick Sidibé alizaliwa katika kijiji cha Soloba miaka ya 1930. Alipokuwa mtoto alichunga ng'ombe. Alipopelekwa shule, walimu waliona kwamba anajua kuchora. Alipelekwa mji mkuu, Bamako, kusoma ufundi. Mpiga picha mmoja Mfaransa alimwita apambe duka lake. Sidibé akabaki hapo, akajifunza kamera. Mwaka 1962 alikuwa na studio yake mwenyewe. Pia alikuwa fundi wa kutengeneza kamera zilizoharibika.

Mali ilipata uhuru mwaka 1960. Vijana wa Bamako walikuwa na furaha. Siku za mwisho wa juma walicheza dansi, nao walitaka picha. Sidibé aliwafuata na kamera yake. Akirudi usiku huo huo alisafisha picha. Alizichapa ndogo ndogo, akazibandika kwenye makaratasi magumu, akayatundika studioni. Vijana walikuja kujitafuta. Kila mmoja alichagua picha yake, na Sidibé akaichapa kwa ukubwa.

Fikiri juu ya jambo hilo. Maonyesho yake ya kwanza hayakuwa katika jumba la fahari. Yalikuwa dukani kwake, na watazamaji walikuwa wale wale waliomo katika picha.

Watu walikwenda pia studioni kupigwa picha rasmi. Walivaa nguo zao nzuri. Walichukua kile walichojivunia. Katika picha moja ya mwaka 1962, familia nzima imekaa juu ya pikipiki, ndani ya studio. Hakuna anayewacheka. Mpiga picha aliwaheshimu, nayo heshima hiyo inaonekana.

Miaka ilipita. Watu wa Ulaya waliziona picha hizo, na mwaka 1995 zilionyeshwa Paris, Ufaransa. Mwaka 2007, huko Venice, Italia, Sidibé alipewa tuzo kubwa iitwayo Simba wa Dhahabu kwa kazi ya maisha yake yote. Alikuwa mpiga picha wa kwanza, na Mwafrika wa kwanza, kupewa tuzo hiyo. Alifariki mwaka 2016.

Kwa nini dunia ilizitaka picha hizo? Si kwa sababu ya kamera ghali. Ni kwa sababu Sidibé alizitunza. Filamu zake alizihifadhi katika maboksi kwa miaka mingi. Kama angezitupa, au kama mchwa wangezila, kazi yote ingekwisha, na watu wa Bamako wasingejua baba zao walivaaje na walichekaje.

JINSI YA KUTAZAMA

Sisi tunaofundisha kilimo hutumia picha kila mara. Tunajua kwamba kutazama ni kazi ya kujifunza, kama kusoma. Ukimchora kiwavi mkubwa kama mkono wa mtu, mkulima atakuambia, "Sisi tuna bahati. Viwavi wetu ni wadogo." Mkulima huyo si mjinga. Ameitazama picha vizuri kuliko yule aliyeichora. Basi tukaitumie akili hiyo katika maonyesho. Fanya hivi:

1. Kwanza zunguka ukumbi wote bila kusimama, kama unavyozunguka shamba la jirani. Uone kuna nini.

2. Rudi mwanzo. Soma jina la mchoraji na mwaka wa picha. Maandishi huwa kwenye kikaratasi kando ya picha. Kama yameandikwa Kiingereza, mwambie mhudumu akueleze. Kukueleza ni kazi yake.

3. Chagua picha tatu tu. Simama mbele ya kila moja kwa muda wa kutosha. Anayetaka kuona zote sawasawa haoni hata moja.

4. Jiulize: Nani yumo? Anafanya nini? Ni wakati gani wa siku? Ni majira gani ya mwaka? Kuna nini pembeni? Jembe lake limeshikwa sawasawa? Mzigo umefungwa kama watu wanavyofunga?

5. Linganisha picha ya zamani na ya karibuni. Mkono wa mtu huyu umebadilika? Amepata nini? Amepoteza nini? Hili huwezi kulifanya isipokuwa katika maonyesho ya mtu mmoja.

6. Usiguse picha. Jasho la vidole huharibu rangi. Ukitaka kupiga picha kwa simu, uliza kwanza.

7. Mara nyingi mlangoni kuna daftari la wageni. Andika jina lako, kijiji chako na maoni yako. Usiogope mwandiko. Mchoraji atafurahi kusoma maneno ya mkulima, maana hayapati mara nyingi.

Kama picha haikupendezi, sema hivyo, na useme kwa nini. Hakuna sheria ya kusifu kila kitu kilichotundikwa ukutani.

MAHALI PA KWENDA

Katika Dar es Salaam, Makumbusho ya Taifa yako Mtaa wa Shaaban Robert. Kuna kiingilio, lakini raia hulipa kidogo kuliko mgeni. Katika barabara ya Bagamoyo kuna Kijiji cha Makumbusho, chenye nyumba za kienyeji za makabila mbalimbali. Wachoraji wa chama cha Tingatinga wana kituo chao Oyster Bay, nao utawaona wakichora. Mikocheni kuna mahali paitwapo Nafasi, palipoanzishwa mwaka 2008. Wachoraji hufanya kazi humo, na kuna ukumbi wa maonyesho.

Unguja, katika Mji Mkongwe, Ranchhod Oza alifungua studio ya picha mwaka 1930. Yeye na familia yake walipiga picha za mji, bandari na watu kwa miaka mingi, na picha hizo zilitundikwa ukutani wateja wazione. Kwa wasomaji wa Kenya, Makumbusho ya Taifa ya Nairobi yana kumbi za picha.

Maonyesho hubadilika. Ya mwezi huu huenda yasiwepo mwezi ujao. Kabla ya kwenda, mwambie kijana wako aliye mjini aulize kuna maonyesho ya nani, mlango unafunguliwa saa ngapi, na kiingilio ni kiasi gani. Ukiwa na watoto wa shule, uliza kama wana punguzo.

KIJIJI CHETU NACHO

Wengine hawatafika mjini mwaka huu. Hao nao wasikate tamaa. Sidibé alianza kwa kutundika makaratasi dukani. Kijiji kinaweza kufanya vivyo hivyo.

Karibu kila kijiji kina mtu mwenye picha nyingi. Pengine ni mwalimu mstaafu aliyekuwa na kamera. Pengine ni Bibi aliyehifadhi picha za ndugu zake katika sanduku. Pengine ni kijana anayechora kwa makaa ukutani, na watu humwambia anapoteza wakati. Mwombeni mmoja wao picha zake zitazamwe na wote siku moja, baada ya mavuno.

Hamhitaji fedha nyingi. Ombeni chumba cha darasa siku ambayo hakuna masomo. Fungeni kamba kutoka ukuta hadi ukuta. Tundikeni picha kwa vibanio vya nguo. Msizipigilie misumari, wala msizibandike kwa gundi. Ziwe mbali na jua la dirishani, kwa sababu jua hufifisha rangi. Wekeni mtu mmoja wa kuzilinda. Jioni zihesabuni na kumrudishia mwenyewe zote.

Kazi kubwa ni kuandika. Chini ya kila picha pawe na kikaratasi: ni nani, ni wapi, ni mwaka gani, nani aliipiga au kuichora. Hapa ndipo wanakisomo watakapotumia elimu yao. Waiteni wazee. Waonyesheni picha. Mzee mmoja atasema, "Huyu ni marehemu fulani, aliyechimba kisima." Mwingine atasema, "Hapana, huyo ni kaka yake." Watabishana, kisha watakubaliana. Andikeni walichokubaliana.

Jambo hili halisubiri. Picha isiyo na jina ina jina bado, maadamu yupo mzee mmoja anayelijua. Siku mzee huyo akizikwa, picha inabaki na sura tu. Wajukuu watauliza, "Huyu ni nani?" Hakuna atakayejibu.

Baada ya hapo zitunzeni. Nyuma ya picha andikeni kwa penseli laini, bila kukandamiza. Kalamu ya wino hupenya na kuharibu. Wekeni kila picha katika karatasi safi kavu, kisha katika boksi au debe lenye mfuniko. Debe liwekwe juu ya meza au darini, mbali na sakafu ya udongo, ili mchwa na unyevu visizifikie. Kila kiangazi zitoeni, mzikague kivulini, mzirudishe. Tunafanya hivyo kwa mbegu. Tufanye hivyo kwa picha pia.

Ndugu wasomaji, mkulima hujua thamani ya mbegu kwa sababu bila mbegu hakuna mwaka ujao. Picha ni mbegu ya kumbukumbu. Wachoraji na wapiga picha wametufanyia kazi hiyo. Kazi yetu ni kwenda kutazama, kusema ukweli juu ya tulichokiona, na kutunza kilicho chetu. Mavuno yakiisha mwaka huu, anzeni.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Kuna tofauti gani kati ya maonyesho ya watu wengi na maonyesho ya mtu mmoja?

2. Kwa nini mkulima anaweza kuzipima picha za Sam Ntiro vizuri kuliko mgeni?

3. Tingatinga alitumia vifaa gani? Katika kijiji chetu mchoraji angeweza kutumia nini?

4. Nani katika kijiji chetu ana picha za zamani? Ni mzee gani anayejua majina ya waliomo?

5. Tukifanya maonyesho ya mtu mmoja hapa kijijini, tumchague nani kwanza? Kwa nini?